Tupimwe Tusipimwe? Somo Kuhusu Kifua Kikuu na Hesabu Yake

Tunawaandikia ninyi mlio hapa Mantapala na ninyi mliopata ruhusa ya kufanya kazi na biashara Mwansabombwe, Kashikishi na vijiji vya ukingo wa ziwa. Wengine mtalisoma somo hili kwa mwanga wa koroboi, wengine mtasomewa na watoto wenu. Lisomeni taratibu, kwa maana safari hii kuna hesabu ndani yake.

Hivi karibuni wazee wa kanisa waliletewa ombi. Waliombwa kwamba jengo letu litumike kwa siku chache ili watu wapimwe kifua kikuu, wote, wanaokohoa na wasiokohoa. Baadhi ya wazee walikubali papo hapo. Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao tulikuelewa. Aliyesema wazi alikuwa mama mmoja wa kwaya. Alisimama akasema, "Wazee wangu, nikipimwa na kukutwa sina kitu, nimepoteza siku ya shamba. Nikipimwa na kukutwa mgonjwa, nimepoteza jina langu. Sasa faida iko wapi?" Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Kamati ya afya ikapewa kazi ya kumjibu mama huyo, si kwa mahubiri bali kwa hesabu, na jibu lake ndilo somo hili.

Kifua kikuu, au TB kama wanavyosema kliniki, ni ugonjwa wa kuambukiza unaokaa na mtu muda mrefu. Malaria humwangusha mtu kwa siku chache, kipindupindu kwa saa chache. TB huingia kama mgeni mpole. Vijidudu vyake hupita hewani mgonjwa anapokohoa, anapoimba, hata anapozungumza. Wengi wanaovivuta hawaugui kamwe, kwa sababu mwili huvifunga visiamke. Katika watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 hivi ndio watakaougua maishani mwao, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka 2 ya kwanza. Ni kubwa pia kwa watoto wadogo, kwa wenye virusi vya UKIMWI, na kwa wale ambao miili yao imedhoofishwa na njaa.

Sasa tukumbuke jinsi tulivyofika. Mwaka 2017 wengi wetu tulivuka mpaka kutoka Pweto, Moba na kwingineko, tukapokelewa Chiengi na kupelekwa Kenani, ambako hema liligusana na hema na familia mbili zililala chini ya turubai moja. Mantapala ilifunguliwa Januari 2018, tukapewa viwanja na hewa ya kutosha. Lakini vijidudu vya TB havina haraka. Mtu aliyeambukizwa chini ya turubai anaweza kuugua miaka mingi baadaye akiwa kwenye nyumba yake ya matofali.

Wenyeji wetu nao wana mzigo huu. Mwaka 2013 na 2014 serikali ya Zambia ilifanya uchunguzi wa nchi, wataalamu wakiwapima watu wa miaka 15 na zaidi kijiji kwa kijiji na mtaa kwa mtaa. Walikuta TB iliyothibitishwa kwa watu 638 hivi katika kila 100,000, yaani 6 hivi katika kila 1000. Wengi wao hawakuwa kwenye dawa. Walikuwa wakilima, wakiuza sokoni na kukaa kanisani kama sisi sote.

Hofu ya zamani

Kabla ya kuhesabu, tuseme ukweli juu ya hofu. Watu wa pande hizi hawakuanza jana kuogopa wapimaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulifika bonde la Luapula na Ziwa Mweru. Upande wa Congo, waganga wa Wabelgiji waliwapanga watu mstari, wakawapapasa shingo. Aliyekutwa na tezi zilizovimba alishukiwa kuwa na malale, na angeweza kupelekwa kwenye kambi ya kutengwa waliyoiita lazareti. Tezi za shingo huvimba kwa sababu nyingi, na kidole cha mganga hakikuweza kuzitofautisha. Dawa yenyewe iliitwa atoksili, ilikuwa na arseniki ndani yake, nayo iliwapofusha baadhi ya waliotibiwa. Upande huu wa ziwa, utawala wa kampuni ya Waingereza uliwahamisha watu kutoka vijiji vya ukingoni, wakaacha mashamba yao na mahali pao pa kuvua.

Tunaikumbuka habari hii kwa sababu inatuonyesha jinsi upimaji unavyoweza kwenda vibaya. Kipimo kilikuwa dhaifu, dawa ilikuwa ya hatari, na mtu hakuulizwa. Aliyepimwa alilipa gharama yote, faida ikaenda kwa mwingine. Mzee anayeondoka barazani akimwona mtu mwenye koti jeupe si mjinga. Amerithi kumbukumbu.

Wataalamu nao walikuja kuyaona mambo haya. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha mabwana wawili, Wilson na Jungner, juu ya wakati gani inafaa kuwatafuta wagonjwa miongoni mwa watu wasiolalamika. Waliuliza maswali ambayo hata bibi kijijini angeuliza. Je, ugonjwa ni tatizo kubwa kweli? Je, kuna dawa inayoponya? Je, kipimo kinavumilika na watu? Je, mahali pa kutibiwa papo? Je, gharama inalingana na faida? Na je, kazi hii itaendelea, au watakuja mara moja, wapige picha na kuondoka? Hayo ya mwisho tumeyaona sana, hatuna haja ya kueleza.

Hesabu ya watu 1000

Wenye kalamu wachukue kalamu. Tuseme watu wazima 1000 wa makazi yetu wamekuja kupimwa, na 6 kati yao wana TB. Hiyo 6 tunaiazima kutoka kwenye hesabu ya nchi nzima. Tuseme wote 1000 wanatoa makohozi, nayo yanawekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali Desemba 2010. Mashine hiyo hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi, na husema pia kama vijidudu vimezoea dawa kubwa ya rifampisini.

Katika wagonjwa 6, mashine itawaona 5 hivi. Mmoja ataambiwa hana ugonjwa, naye atarudi nyumbani akiwa na amani isiyo ya kweli. Waliobaki 994 hawana TB. Tuseme kwa hao mashine inakosea kwa mtu 1 katika kila 100. Ni kosa dogo sana, wengi wetu tungefurahi kukosea kiasi hicho tu. Lakini 1 katika 100 kwa watu 994 ni watu 10. Basi tazameni walioambiwa "una TB": jumla yao ni 15, na 10 kati yao hawaumwi.

Tulipofika hapo katika kikao chetu, ndugu mmoja alisema, "Basi mama wa kwaya ameshinda." Bado. Kosa halimo katika mashine, limo katika kumwaga gunia zima juu yake. Mwanamke anayetengeneza unga wa muhogo hapeleki kila kitu chunguni, anachekecha kwanza. Ugonjwa ulio nadra hutafutwa vivyo hivyo, kwa chekeche la kwanza kisha kipimo chenyewe.

Chekeche la kwanza linaweza kuwa maswali: Umekohoa wiki 2 au zaidi? Una homa? Unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa? Umekonda bila kujua sababu? Maswali haya hayagharimu kitu, lakini matundu yake ni makubwa. Katika chunguzi zilizofanywa Afrika na Asia, karibu nusu ya waliokutwa na TB hawakuwa wametaja dalili yoyote walipoulizwa. Kwa hiyo tukitegemea maswali peke yake, katika wale wagonjwa 6 watatu hivi watapita.

Chekeche la pili ni picha ya kifua, yaani eksirei. Siku hizi kuna mashine ndogo zinazobebwa kwa gari, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali picha za watu wa miaka 15 na zaidi zisomwe na kompyuta pale ambapo daktari wa kuzisoma hayupo. Tuseme picha inawatenga watu 100 kati ya 1000 kwa kuwa mapafu yao yana alama fulani, na humo wamo wagonjwa 5 au wote 6. Wengine ni waliougua zamani wakapona, au wenye magonjwa mengine ya kifua. Hao 100 tu ndio wanaotoa makohozi. Mashine ikikosea kwa 1 katika kila 100, sasa anayeambiwa vibaya ni mtu 1, wala si 10. Watu 900 wamekwenda shambani kabla ya saa sita mchana.

Hata huyo mmoja anastahili kuangaliwa tena. Wasomaji wa Biblia mnakumbuka Mambo ya Walawi 13: kuhani akiona doa lenye shaka kwenye ngozi hakumhukumu mtu siku ile. Alimweka kando siku 7, akamtazama tena, na ikiwa bado haieleweki, siku 7 nyingine. Kama makuhani wa jangwani walijua kutazama mara mbili, nasi tunayo haki ya kuomba kutazamwa mara mbili kabla ya kuanza miezi 6 ya dawa.

Gharama zisizoandikwa

Dawa za TB hazilipiwi katika vituo vya serikali ya Zambia, na kipimo pia. Kwa sababu hiyo watu wa ofisi husema "ni bure." Mtu wa shamba anajua kwamba hakuna kitu cha bure ambacho kinahitaji safari. Kuna siku ya kupima, siku ya kurudi kwa majibu, siku za kuchukua dawa mwezi baada ya mwezi. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo iko Kashikishi, na ndugu zetu wa Mwansabombwe wana ile ya Mbereshi. Kutoka hapa mtu huenda kwa kinga ya kuazima au kwa miguu, au hulipa lori. Mgonjwa wa TB anapoanza dawa hamu ya kula hurudi kwa nguvu, na chakula ndicho kisichotosha. Chunguzi zilizofanywa katika nchi nyingi na kukusanywa na Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba karibu nusu ya nyumba zenye mgonjwa wa TB hutumia au hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya pato lao la mwaka, ijapokuwa dawa zenyewe ni za bure.

Dawa nazo zina madhara yake. Miezi 2 ya kwanza ni dawa 4 pamoja, kisha miezi 4 ni dawa 2. Mkojo hugeuka mwekundu kama chungwa, na wengi hushtuka, lakini huo si ugonjwa. Wengine hufa ganzi miguuni, na kuna vidonge vya vitamini kwa ajili hiyo. Wachache huumia ini, macho yakawa manjano; huyo arudi kliniki siku hiyo hiyo. Akina mama wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wamwambie mhudumu, kwa sababu rifampisini huvipunguza nguvu. Kumpa mtu asiyeumwa dawa hizi zote kwa kosa la mashine ni jambo zito.

Tena kuna gharama ya jina, aliyoitaja mama wa kwaya. Baba mmoja wa kwetu, aliyekuwa mvuvi huko Pweto, alipimwa miaka ya nyuma katika kituo kimoja tusichokitaja. Jibu lake lilisomwa kwa sauti mbele ya foleni. Mkewe alikuwa akiuza maandazi, na siku hiyo hiyo jioni maandazi yalibaki kwenye beseni. Baba yule alimaliza dawa zote, akapona, akarudi kulima. Wanunuzi walikawia kurudi kuliko nguvu zake. Na hapa tujilaumu wenyewe, maana wanunuzi wale walikuwa sisi. Mgonjwa aliyeanza dawa zinazomfaa hupunguza kuambukiza kwa haraka, mara nyingi katika wiki chache za kwanza, na maandazi hayabebi TB. Aliyetuambukiza, kama yupo, ni yule ambaye hajapimwa, tuliyeendelea kununua kwake.

Mzigo wa asiyepimwa

Tugeuze mizani upande wa pili. Mtu mwenye TB ya mapafu asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 wa karibu naye kwa mwaka mmoja. Wa karibu ni nani katika nyumba ya vyumba viwili? Ni mke, ni watoto, ni bibi anayelala na wajukuu. Bila dawa karibu nusu ya wagonjwa wa TB hufa. Wakipata dawa na kuzimaliza, zaidi ya wanne katika kila watano hupona.

Mama wa kwaya alihesabu siku yake ya shamba na jina lake. Alisahau kuhesabu mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 akiambukizwa, ugonjwa hauishii kifuani. Unaweza kupanda kwenye utando wa ubongo, na huko hata anayepona anaweza kubaki na ulemavu. Tena mtoto mdogo hawezi kutema makohozi vizuri, kwa hiyo kumgundua ni vigumu. Njia iliyo rahisi ni kumgundua mkubwa aliyemwambukiza, kisha kumpa mtoto dawa ya kinga kabla hajaugua. Hapo faida ya kipimo cha baba inaonekana kwenye mwili wa mwanawe. Sisi tunaona hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika somo hili, na mizani yetu iliangukia upande wa kupimwa kwa sababu yake.

Lakini kupimwa kwa namna gani? Hapa Zambia ina ushuhuda wake. Kati ya mwaka 2004 na 2010 hivi kulikuwa na utafiti mkubwa ulioitwa ZAMSTAR, katika jamii 24, 16 za Zambia na 8 za Afrika Kusini. Jamii moja ilirahisishiwa kupeleka makohozi, ikahamasishwa kwa ngoma na michezo. Jamii nyingine ilitembelewa nyumbani: pale alipokutwa mgonjwa wa TB, wahudumu waliingia nyumba nzima, wakazungumza na kila mmoja na kuwapa nafasi ya kupimwa TB na virusi vya UKIMWI. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Kuhamasisha na kurahisisha makohozi hakukupunguza TB katika jamii. Kwenye jamii zilizotembelewa nyumbani ilionekana kupungua, ingawa si kwa kiasi cha kuwaondolea wataalamu shaka yote.

Vietnam ilijaribu njia nyingine katika mkoa wa Ca Mau. Huko watu wote wazima walipimwa nyumbani kila mwaka kwa miaka 3 mfululizo, wanaokohoa na wasiokohoa, kwa ile mashine ya GeneXpert. Mwishoni TB ilikuwa imepungua kwa asilimia 44 kuliko sehemu zilizoachwa na huduma ya kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo kupima wote kunafaa, lakini ni kazi ya mwaka baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2021, lilisema kupima jamii nzima kunaweza kufaa pale TB inapofikia watu 500 katika kila 100,000. Hesabu ya Zambia ya 2013 na 2014 ilipita hapo kidogo. Hatuko mbali na mstari, lakini pia hatuko juu yake sana.

Nyumba ya mgonjwa ni jambo jingine kabisa. Wataalamu waliokusanya chunguzi za nchi kama zetu walikuta TB kwa watu 3 hivi katika kila 100 wanaoishi na mgonjwa. Hiyo ni 30 katika 1000, mara 5 ya ile 6 tuliyoanza nayo. Rudieni hesabu yetu ya mwanzo mkiweka 30 mahali pa 6, mtaona jinsi makosa ya mashine yanavyomezwa na wagonjwa wa kweli. Anayetaka kuvua hutupa wavu palipo na samaki.

Juu ya faili la safari

Swali hili limeletwa kwa kunong'onezwa, tutalijibu kwa sauti. Wapo wanaosema, "Nikikutwa na TB, jina langu litafutwa kwenye safari ya nje." Wanaopokelewa katika nchi kama Marekani hupimwa kabla ya kuondoka, kwa picha ya kifua na, inapobidi, makohozi yanayooteshwa maabara kwa wiki kadhaa. Anayekutwa na TB hutibiwa kwanza, akamaliza, ndipo akasafiri. Anacheleweshwa, na kuchelewa kunauma, hasa familia nzima inapomngoja mmoja. Lakini aliyejificha hapa ataonekana kwenye picha ile, naye ataanza miezi yake 6 wakati huo badala ya kuwa ameimaliza. Tuongeze pia kwamba Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengi waliokuwa na tarehe mkononi walibaki. Kuuguza mapafu kwa miaka ukingojea mlango ambao haupo mikononi mwako ni biashara mbaya.

Wengine wanaogopa kwamba kipimo cha TB kitafuatwa na kile cha virusi vya UKIMWI. Mara nyingi ndivyo ilivyo, kwa sababu magonjwa haya mawili hutembea pamoja. Mnakumbuka mwaka ule ule tulipofika, tarehe 15 Agosti 2017, Rais Edgar Lungu alitangaza kwamba kupima virusi hivyo kungekuwa lazima katika vituo vya serikali, na mabishano yakazuka nchini, wengine wakisema lazima itawafukuza watu kliniki. Sisi tuko upande wa hao wa pili. Mtu aliyeshikwa mkono kupimwa hatarudi kuchukua dawa mwezi wa nne, na TB hutibiwa mwezi wa nne kama inavyotibiwa siku ya kwanza.

Tulivyowajibu wazee

Tuliwaambia wazee wakubali, kwa masharti, na masharti hayo tuliyaandika kwenye karatasi moja. Kwanza kazi ianzie kwenye nyumba ambazo mtu ametibiwa TB hivi karibuni, watoto wakiwamo, ndipo wengine wafuate. Kabla ya siku ya kwanza wapimaji watuonyeshe dawa zitatoka kituo gani kwa miezi 6 yote. Kama dawa hazijulikani zilipo, jengo lisifunguliwe. Majibu yatolewe kwa mtu peke yake, kwenye chumba cha nyuma kinachohifadhi ngoma, na ngoma zihamishwe. Hakuna jina litakalosomwa. Anayeambiwa ana ugonjwa bila kuwa na dalili yoyote aombe kupimwa tena. Anayeambiwa hana aambiwe pia kwamba kikohozi kikija baadaye arudi, kwa sababu kipimo ni cha siku ile tu. Asiyetaka asiulizwe sababu, wala asinyimwe meza ya Bwana, kama mtu mmoja alivyopendekeza. Tulilikataa wazo hilo kwa nguvu.

Kuhusu siku ya shamba, mama wa kwaya ameshinda. Tumeomba kazi isiwekwe wakati wa kupanda. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na wavuvi wana nafasi, lakini ndio majira ya mvua na palizi, kwa hiyo akina mama hawana. Tumependekeza iwe baada ya mavuno, na iwe asubuhi. Tumeomba pia idara ya akina mama watenge kikapu cha unga na dagaa kwa kila nyumba itakayoanza dawa, na kikapu kiende kwa giza, kimya kimya, wala kisitangazwe madhabahuni.

Mama huyo tulimsomea ukurasa huu kabla ya kuchapwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yeye, ambaye dada yake alitibiwa TB Kenani wakilala hema moja, yumo katika wale 6 au wale 30. Tulimwambia yumo katika wale 30, na watoto wake wanne pia. Alisema atakuja nao.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii, zungumzeni haya. Katika nyumba yetu, nani amewahi kuishi na mtu aliyetibiwa TB, na je, watoto walipewa kinga? Jirani akianza dawa, tutaendelea kununua kwake? Na yule atakayekwenda kuchukua dawa Kashikishi au Mbereshi kila mwezi, nani kati yetu ana kinga ya kumwazima?